Dakika ya 31 na dakika ya 90: diski moja, magonjwa mawili

Mjomba wangu alistaafu ualimu baada ya kufundisha karibu maisha yake yote ya utu uzima. Siku ya kumuaga nilirekodi hafla nzima, nikaihariri ikabaki na dakika 112, nikamchomea diski ya DVD. Yeye si mtu wa kutazama video kwenye simu. Anataka kuweka diski kwenye deki, akae kwenye kiti chake, abonyeze rimoti, atazame. Siku mbili baadaye akanipigia.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ile diski yako inaganda."

"Inaganda wapi?"

"Inaganda tu. Ikiganda nazima."

Ilinichukua majuma mawili na diski saba kumaliza shida hiyo. Nakiandika kisa chote, pamoja na hatua nilizokosea, kwa sababu watu wengi wanaochoma video nyumbani hukwama palepale nilipokwama mimi: wanatafuta kosa moja, kumbe yako mawili, na moja linalificha lingine.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Sikumuuliza Mjomba swali la pili. Nilikwenda na kitambaa laini na diski ya kusafishia lenzi, nikasafisha deki, nikaondoka. Jioni akapiga tena: bado. Nikasema basi ni aina ya diski tupu niliyotumia, nikanunua ya kampuni nyingine, nikachoma upya kwa mipangilio ileile, kasi ileile ya 16x, yaani mara 16 ya kasi ya msingi ya DVD. Bado. Hapo nilikuwa na diski mbili mbovu na sikuwa na habari hata moja mpya.

Kwenye kompyuta yangu diski zote mbili zilicheza bila tatizo, na hilo ndilo lililonipotosha zaidi. Programu ya kuchomea ilikuwa imehakiki kila moja na kusema data iko sawa. Nikawa naiamini kompyuta na kuishuku deki. Leo naona kinyume: kucheza vizuri kwenye kompyuta ni ushahidi dhaifu sana. Kompyuta husoma DVD kwa kasi mara nyingi zaidi ya inayohitajika, hurudia kusoma panapoisumbua, na ina kumbukumbu kubwa ya kuweka akiba. Deki ya sebuleni haina anasa hizo.

Saa kwenye karatasi

Mambo yalianza kufunguka nilipomwomba Mjomba karatasi na kalamu. Nilimwomba aicheze diski ya kwanza mara tatu, kila mara tangu mwanzo, na kila inapoganda aandike namba zinazoonekana kwenye kioo cha deki. Ikiganda, abonyeze kitufe cha kwenda sura inayofuata na aendelee mpaka mwisho. Mwalimu hana shida na kazi ya namna hiyo. Aliniletea karatasi yenye mistari iliyonyooka:

Mara ya kwanza: 31:20, kisha 92:05, ikaendelea kurukaruka. Mara ya pili: 31:20, kisha 88:40. Mara ya tatu: 31:20, kisha 97:10, na baada ya hapo picha ikavunjika vipande vya mraba na sauti ikakatika.

Tazama namba hizo vizuri. 31:20 inajirudia bila kusogea hata sekunde moja. Zile za mwishoni zinazunguka, lakini hazizunguki ovyo: zote ziko baada ya dakika ya 88. Kinachoganda mahali palepale kila mara kina sababu iliyoandikwa mahali hapo. Kinachohamahama ndani ya eneo moja kinaonyesha kwamba eneo zima ni gumu kusomeka, na deki inashinda au kushindwa kwa bahati. Kama kuganda kungetokea popote, dakika ya 5 leo na ya 60 kesho, ningerudi kwenye lenzi na mota ya deki.

Nikaicheza diski ya pili, ile ya kampuni nyingine, kwa utaratibu uleule. Ikaganda 31:20 kama ya kwanza. Mwishoni haikusumbua mpaka dakika ya 104. Tofauti hiyo ya dakika 88 na 104 niliiandika pembeni, maana sikujua bado inasema nini. Kitu pekee nilichokumbuka ni kwamba diski ya kwanza nilikuwa nimeibandika stika ya karatasi yenye picha ya Mjomba, na ya pili niliiacha tupu.

Kuhamisha video ili kupima mahali

Video iliyo kwenye diski ina anwani mbili kwa wakati mmoja. Ina wakati wake ndani ya filamu, na ina mahali pake kwenye uso wa diski. DVD husomwa kutoka ndani kwenda nje. Data huanza kama milimita 24 kutoka katikati na huishia milimita 58. Diski yangu ilijaa karibu kabisa, gigabaiti 4.66 kati ya 4.7. (Hizo ni bilioni za baiti, kompyuta nyingi huhesabu kwa namna nyingine na kuonyesha nafasi ya 4.38, na wapo wanaodhani wameibiwa.) Nikipiga hesabu ya eneo, dakika ya 31 inaangukia karibu milimita 37 kutoka katikati, na dakika ya 90 karibu milimita 53, yaani milimita tano tu kabla ya mwisho wa sehemu ya data.

Kwa hiyo swali likawa: deki inasumbuliwa na kilichomo, au na mahali kilipo? Njia ya kujua ni kuvitenganisha. Nilikata dakika nne kuzunguka 31:20, nikazichoma peke yake kwenye diski mpya. Zikakaa mwanzoni kabisa, karibu na tundu la katikati, sehemu ambayo deki huisoma kwa raha. Kisha nikachukua dakika 25 za mwisho, nazo nikazichoma peke yake kwenye diski nyingine, zikakaa mwanzoni vilevile.

Kabla ya hapo nilijaribu kuokoa diski kwa kutumia ile inayofutika na kuandikwa tena. Deki ikasoma, ikasoma, ikaandika kwamba hakuna diski. Niliyategemea hayo kidogo: diski inayofutika hurudisha mwanga wa leza kwa asilimia 18 hadi 30 tu, wakati DVD-R ya kawaida, ile inayoandikwa mara moja tu, na diski za kiwandani za tabaka moja hurudisha asilimia 45 hadi 85. Deki nyingi za zamani hazikuundwa kuzitambua. Kwa hiyo jaribio hilo halikuniambia lolote kuhusu video yangu, nami nashauri mtu asipimie diski zinazofutika kwenye deki ambayo haijawahi kuzicheza.

Nilipeleka diski mbili za vipande kwa Mjomba siku ya Jumamosi. Kipande cha dakika nne: kikaganda. Palepale, kwenye tukio lilelile, ingawa sasa lilikuwa limehamishiwa upande wa ndani wa diski. Dakika 25 za mwisho: zikacheza kama maji, tangu hotuba ya mwisho hadi watu wanapoagana getini. Nilizicheza mara mbili. Hazikusita popote.

Sijui kama naweza kueleza furaha niliyoipata pale. Dakika ya 31 ilikuwa na tatizo la kilichomo, popote utakapokiweka. Mwisho wa filamu ulikuwa na tatizo la mahali, na video yenyewe haikuwa na kosa. Ndiyo maana kubadilisha aina ya diski hakukusaidia na kusafisha lenzi hakukusaidia: kila dawa ilikuwa ikigusa ugonjwa mmoja, ule mwingine unabaki na kunifanya nidhani dawa haikufanya kazi.

Kilichotokea dakika ya 31

Katika dakika ya 31 watoto wa shule wanamrushia Mjomba vipande vidogo vya karatasi za rangi. Mamia ya vipande vinapeperuka hewani, kila kimoja kwa njia yake, na wakati huohuo nilikuwa nageuza kamera kufuata uso wake huku watu wanapiga makofi. Kwa macho ni tukio zuri kuliko yote. Kwa programu ya kubana video ni balaa. MPEG-2, mfumo unaotumika kwenye DVD, hupunguza data kwa kutazama ni sehemu gani ya picha imebaki ileile au imesogea tu kutoka fremu moja hadi nyingine. Vipande vyote hivyo vya karatasi vinavyozunguka haviiachii programu kitu cha kukumbuka. Karibu kila fremu inabidi ichorwe upya.

Nilifungua faili kwenye programu inayochora kasi ya data. Karibu filamu nzima mstari ulikuwa unatembea kati ya megabiti 3 na 5 kwa sekunde. Kwenye 31:18 ukapanda kama mnazi, ukafika 9.2, ukakaa huko sekunde nne.

Hiyo 9.2 peke yake inaruhusiwa. Kanuni za DVD zinaipa video hadi megabiti 9.8 kwa sekunde. Lakini picha na sauti vikichanganywa pamoja, jumla haipaswi kuvuka 10.08. Na sauti yangu? Nilikuwa nimeiacha bila kubanwa, PCM ya stereo, kwa kuamini kwamba ndiyo bora zaidi. Sauti hiyo peke yake inakula megabiti 1.536 kila sekunde. Jumlisha na 9.2 unapata karibu 10.74. Programu ya kutengeneza DVD haikunionya. Kompyuta ilimeza bila shida. Deki ikaishiwa.

Inavyoishiwa ni hivi. Dekoda ya DVD, sehemu ya deki inayofungua video iliyobanwa, ina akiba ya picha ya kilobaiti 224 tu. Leza inaijaza, picha zinaitumia. Picha zikitumia haraka kuliko leza inavyoleta, akiba inakauka, na deki haina la kuonyesha isipokuwa fremu ya mwisho iliyobaki nayo. Ndicho alichokiona Mjomba: uso wake mwenyewe umesimama, na karatasi ya njano imeganda hewani juu ya bega lake la kushoto.

Mimi ndiye niliyeweka kiwango cha juu cha video kuwa 9.8, kwa wazo kwamba namba kubwa ni picha nzuri. Kwenye filamu ya dakika 112 namba hiyo haina faida hata kidogo, kwa sababu wastani lazima uwe mdogo ili filamu nzima ienee. Kilichobaki ni hatari ya vilele.

Kilichotokea ukingoni

Hapa palihitaji kifaa. Baadhi ya drivu za kompyuta (vifaa vya kusomea na kuchomea diski), si zote, zinaweza kuripoti ni makosa mangapi yaliyosahihishwa wakati wa kusoma. Watu wengi hawajui kwamba hata diski nzima kabisa ina makosa. DVD hupanga data katika vitalu vya kilobaiti 32, kila kitalu kina mistari 208, na kila mstari umeongezewa baiti za kujisahihisha kwa hesabu za Reed na Solomon, wanahisabati wawili waliozichapisha mwaka 1960. Kosa dogo linarekebishwa kabla hujaliona. Kipimo kinachotumika ni mistari mingapi yenye makosa imepatikana katika vitalu vinane mfululizo, na kikomo ni 280 kati ya mistari 1,664.

Diski ya kwanza, yenye stika, ilianza vizuri, chini ya 20. Ilipofika gigabaiti 3.4 mstari ukaanza kupanda, ukavuka 280 karibu na 3.7, ukamalizia juu ya 600. Na gigabaiti 3.7 ya diski ile ndiyo dakika ya 89 au 90. Diski ya pili, isiyo na stika, ilivuka 280 karibu na 4.3, ambayo ni dakika ya 104. Grafu na karatasi ya Mjomba zilikuwa zinasema neno lilelile.

Hii ndiyo sababu "imehakikiwa, iko sawa" haitoshi. Uhakiki wa programu unauliza kama kompyuta imeweza kusoma. Haukuambii imejitahidi kiasi gani.

Kwa nini ukingoni? Drivu inapochoma kwa 16x haianzi na 16x. Inazungusha diski kwa mizunguko ileile, hivyo karibu na katikati inaandika kama 6.6x, na kasi inaongezeka kadiri leza inavyokwenda nje, mpaka ukingoni ndipo inafika 16x kamili. Huko ndiko diski inakotikisika zaidi, rangi ya kurekodia, lile tabaka ambalo leza huliandika, inakuwa nyembamba au nene kuliko inavyotakiwa, na leza ina muda mfupi zaidi wa kuchoma kila alama. Kila udhaifu wa diski na wa drivu unakutana hapo.

Stika ikaongeza lake. DVD ni bamba mbili za plastiki, kila moja milimita 0.6, zilizogundishwa. Karatasi inayobandikwa upande mmoja hunywa unyevu, hukauka ikipata joto ndani ya deki, na ikinywea inaivuta diski kama upinde. Mkunjo mdogo usioonekana kwa jicho unatosha kuipindisha miale ya leza, na mkunjo huo ni mkubwa zaidi ukingoni. Niliipenda ile stika, kwa kweli. Ilikuwa na picha ya Mjomba ameshika chaki. Lakini sitabandika nyingine.

Ili nisibaki na dhana, diski ya sita nilichoma faili lilelile la zamani, bila kurekebisha chochote, kwa 8x na bila stika. Kama maelezo yangu ni sahihi, ingeganda 31:20 na kupita mwishoni salama. Ikawa hivyo. Makosa ukingoni hayakuzidi 62.

Neno kuhusu kasi: si kweli kwamba kadiri unavyochoma polepole ndivyo inavyokuwa bora. Drivu ina mipangilio ya leza kwa kila aina ya diski na kila kasi, na diski ya 16x imetengenezewa rangi inayotaka nguvu ya kasi kubwa. Ukiilazimisha kwenye kasi ya chini kabisa unaweza kupata matokeo mabaya zaidi. Kwa diski za 16x, 8x imenifaa mara nyingi. Pima na drivu yako.

Diski ya saba

Nilirudi kwenye mradi wa awali. Sauti niliibana kwa AC-3, kilobiti 192 kwa sekunde. Hotuba na makofi havikupoteza kitu ninachoweza kusikia. Kiwango cha juu cha video nikakishusha hadi 8. Wastani ukawa 4.8, na hapa ndipo penye zawadi ambayo sikuitarajia: baada ya kuondoa sauti nzito, picha ilipata nafasi kubwa kuliko mwanzo. Wastani wa awali ulikuwa 3.9. Filamu nzima ikawa gigabaiti 4.28, ikaishia milimita kama mbili kabla ya mahali ya zamani ilipoishia, mbali na sehemu mbaya zaidi ya ukingo. Nikachoma 8x, nikaifunga diski kabisa ili deki iikubali, nikaandika jina kwa kalamu isiyo na kemikali kali kwenye duara la katikati lisilo na data.

Mambo mengine ambayo watu huyataja kwanza hayakuhusika. Mfumo wa picha ulikuwa mmoja tangu mwanzo, PAL, 720 kwa 576. Sauti ilikuwa kilohezi 48, si 44.1 ya CD. Alama ya eneo, inayozuia diski kuchezwa nje ya sehemu fulani ya dunia, haikuwekwa. Kosa lolote katika hayo lingeonekana tangu dakika ya kwanza, si ya 31.

Nilipima makosa: kilele 48. Kisha nikampelekea Mjomba, na sikuondoka. Dakika ya 31 ilipofika aliegemea mbele. Karatasi za rangi zikapeperuka, zikaanguka, zikatua mabegani mwake na sakafuni, kamera ikageukia kwa watoto. Hakusema kitu. Alichukua ile karatasi yake ya saa, akachora mstari juu ya 31:20. Saa nzima baadaye, filamu ilipovuka 97:10, akachora mwingine.

Aliagiza nakala tatu kwa wenzake. Nilichoma nne, kwa sababu moja ilipanda hadi 310 ukingoni ingawa mipangilio yote ilikuwa ileile, nikaivunja.